Damu Iliyosubiri Maziwa Yachemke

Ninyi vijana wa maabara, mkija kunitembelea hapa Nangwa mnanikuta napukuchua mahindi. Mnasema shikamoo mama, mnavuta kigoda, na kabla sijawauliza habari za nyumbani mmeshatoa simu kunionyesha picha ya mashine mpya ya maabara. Mashine nzuri kweli. Inameza kichupa cha damu, inakoroma kidogo, inatoa majibu yaliyopigwa chapa. Naipokea kama ninavyompokea mkwe mpya: namkaribisha, nampa kiti, lakini funguo za ghala sijampa.

Mmeniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya maabara. Nitaandika, ila msitegemee nianzie mwanzo. Mwanzo wenyewe nimeusahau, nimebaki na harufu yake tu: spiriti, sabuni ya kipande, na mafuta ya taa ya jiko la kuchemshia sindano. Hadi leo nikipita penye jiko la mafuta ya taa moyo unakwenda Mbulu wenyewe, bila nauli.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Tluway, fundi wa maabara katika hospitali moja kule juu Mbulu. Alikuwa mfupi, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wanafunzi. Umeme ulikuwa wa jenereta, na jenereta ilikuwa ya chumba cha upasuaji, kwa hiyo darubini yetu ilikaa dirishani, kioo chake kidogo kikilitafuta jua. Ukungu wa Mbulu mnaujua. Asubuhi ukiwa mzito, Mzee Tluway alikunja mikono na kutangaza, “Leo Mbulu haina malaria. Hatuioni.” Halafu anacheka peke yake mpaka machozi yanamtoka.

Siku moja mzee mmoja wa kwetu, Mwiraqw wa heshima zake, aliambiwa alete choo kipimwe minyoo. Akaleta, nikapima, nikaona mayai ya minyoo mengi, nikafurahi kama nimeokota pesa. Mzee akapewa dawa. Baadaye akarudi na tumbo lake lile lile, amefura kwa hasira. Kumbe aliona haya kumkabidhi binti mdogo kama mimi kitu chake, akaleta cha mjukuu! Tulimtibu mzee minyoo asiyokuwa nayo, na mtoto akabaki nayo nyumbani. Nilijua nitagombezwa. Mzee Tluway akasema tu, “Ulipima vizuri sana. Ila ulimpima mtu mwingine.” Kisha akanituma nimpelekee mtoto dawa, kwa miguu, na kwao kulikuwa mlimani.

Halafu biashara ikafunguliwa. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kujua tulivyoshangaa. Pale Katesh kila mwenye mlango alifungua duka la dawa, au duka la nguo lenye kona ya dawa. Watu wakawa wananunua vidonge viwili vitatu vilivyofungwa kwenye kipande cha gazeti, wanameza njiani, ndipo wanakuja kupima. Unakuta damu imeshakunywa nusu dozi, ugonjwa umejificha, wewe unaandika “hakuna kitu” na mgonjwa anarudi kwao kuumwa. Chukueni hili, ni ujuzi wa bure. Usimuulize mgonjwa kama amekunywa dawa. Atakataa, anaogopa maneno yako. Muulize, “Ile dawa uliyokunywa jana ilikuwa chungu?” Atakujibu, “Ile ya njano? Aa, haikuwa chungu.” Hapo umempata.

Nawaambia haya ili mjue kwamba nilipoitwa kwenye utafiti wa Dokta Neema nilijiona nimeshaijua kila namna damu inavyoweza kudanganya. Sikujua hata robo.

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Ofisi zilikuwa zinahamia Babati, barabara za Hanang zilikuwa vumbi tupu, na mimi nilikuwa nimeshaolewa huku chini na kuzoea joto. Dokta Neema alikuja na gari, dereva aitwaye Sanka, na masanduku ya vichupa. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, msomi wa kiwango cha juu, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya korongo. Aliniamkia shikamoo kila asubuhi, hata zile asubuhi tulizokuwa tumekasirikiana.

Alikuwa anafuatilia bruselosi, ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, na mtu akinywa maziwa mabichi unampa homa ya kupanda na kushuka na maumivu ya viungo. Dozi yake ni ndefu, na wengine hata wakiimaliza homa inarudi. Hao wa kurudiwa ndio aliowataka, vijana kwa wazee.

Alitufundisha amekaa juu ya boneti ya gari. Kila chembe ya mwili, alisema, ina maagizo yote ya kumjenga mtu mzima. Hayo ndiyo vinasaba. Lakini chembe haiyasomi yote kwa pamoja. Ya ini inasoma ya ini, ya jicho inasoma ya jicho. Ugonjwa ukiingia, maagizo yaliyokuwa kimya yanaanza kusomwa kwa sauti, na mengine yananyamazishwa. Ukipima yapi yanasomwa kwa sauti, umepata sura ya ugonjwa. Dawa nazo zina sura zake, kwa sababu kila dawa inapandisha haya na kushusha yale. Basi kompyuta inachukua sura ya ugonjwa na kuipitisha mbele ya dawa za zamani, zile ambazo tayari ziko kwenye makabati ya hospitali, ikitafuta dawa inayoshusha kilichopanda na kupandisha kilichoshuka. Ikipatikana, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa inapewa kazi mpya.

Nililipenda sana wazo hilo. Kwetu hakitupwi kitu: shuka likichakaa linakuwa nepi, debe la mafuta likiisha linanyweshea mbuzi. Kwa nini dawa isipate kazi ya pili?

Tukaanza kuzunguka, Endasak, Mogitu, mpaka maboma ya Wadatoga kule tambarare. Mimi nilitoa damu. Kuweka damu kwenye maji yake maalumu ya kuituliza ilikuwa kazi ya garini, maana maji yale ni sumu na Dokta Neema alikataza kabisa yaingie nyumba zenye watoto. Agizo lilisema nikimaliza nyumba nipeleke kichupa garini. Tulilitii agizo hilo neno kwa neno.

Sasa sikilizeni tulivyomaliza nyumba. Vijana tuliwakuta nje, kisimani au njiani na mifugo. Mambo, poa, kunja shati, sindano, asante, na damu iko garini kabla kijana hajaacha kuusugua mkono. Wazee tuliwakuta majumbani mwao. Mzee huingii na sindano mkononi. Unaamkia, unaulizwa watoto, ng'ombe, mvua, mashamba ya kwenu, na wewe unauliza yake yote. Ndipo unasema shida yako, anakubali, unamtoa damu. Ukishamtoa, hapo ndipo mama wa nyumba anapokuandalia maziwa. Kunywa kwanza huwezi, kwa sababu huwezi kunywa maziwa ya mtu halafu ukamtoboa. Kuondoka maziwa yakiwa motoni huwezi pia. Hiyo ni kuyakataa, na kukataa maziwa ya mzee ni tusi ambalo hata wajukuu zako watakumbushwa.

Na kwa nini yalikuwa motoni? Zamani wangekumiminia kutoka kwenye kibuyu, ukanywa, ukaenda zako. Lakini sisi wenyewe tulikuwa tumewahubiria kijiji kwa kijiji: chemsheni maziwa, chemsheni maziwa! Wakatusikia. Wakawa wanatuchemshia sisi wageni kwa bidii zote, kwa kuni mbichi, sufuria iliyojaa. Nami nimekaa na kichupa cha damu mfukoni, kimelala kwenye joto la paja langu, nasifia ndama.

Katika wazee wale alikuwepo Mzee Gidahoda, karibu na Mogitu. Mrefu, mkavu, shuka jeusi, ulimi mkali. Homa ilikuwa imemwandama na magoti yalikuwa yamevimba, kutoka kitandani hadi zizini ni safari. Kilichomuuma kuliko magoti ni ziwa. Tangu ujana wake alikuwa akiwapeleka ng'ombe mwenyewe hadi Ziwa Balangida kulamba chumvi, na sasa wanawe waliwapeleka na kurudi kumpa habari.

“Wananiambia ng'ombe wamefika salama,” aliniambia. “Mimi sitaki kuambiwa. Nataka kuona makalio ya ng'ombe wangu mbele yangu mpaka ziwani.”

Nilimpenda yule mzee. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, na Gidahoda alinigombeza jinsi nilivyodhani baba angenigombeza.

Majibu ya kompyuta yalipokuja Dokta Neema alipiga kelele garini, Sanka nusura atuangushe mtaroni. Dawa imepatikana! Kwa vijana haikuonekana kitu, lakini kwa wazee wenye homa ya kurudi, vinasaba vya uvimbe na mshtuko vilikuwa vinasomwa kwa sauti kubwa ajabu, na dawa moja ya zamani ya viungo ilikuwa inavishusha vyote, kimoja baada ya kingine. Ni dawa inayopunguza ukali wa kinga ya mwili. Dokta akaanza kuomba vibali vya kuijaribu kwa wazee wachache, chini ya uangalizi. Mzee Gidahoda alisema wa kwanza awe yeye. Akaanza hata kumwagiza mwanawe amchongee fimbo mpya ya safari.

Dokta Neema hakuwahi kuingia nyumba za wazee siku za damu. Alibaki garini na maji yake ya sumu. Siku ya kwenda kumweleza Mzee habari za dawa na kuchukua sampuli ya mwisho, aliamua twende wote, Sanka abaki na gari ng'ambo ya korongo. Tukaamkia. Tukaulizwa. Tukauliza. Nikatoa damu, nikatia kichupa mfukoni, mama akabandika maziwa. Dokta akakaza macho yake kwenye ule moto. Baada ya kitambo akaniinamia.

“Mama, sampuli iko wapi?”

“Hii hapa,” nikagusa mfuko.

“Huwa inakaa hapo mpaka maziwa yachemke?”

“Kwa wazee, ndiyo. Tungeondokaje?”

“Na kwa vijana?”

“Kwa vijana, nani anamchemshia mgeni maziwa?”

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika vile. Alikunywa maziwa yake yote kwa adabu, akaaga vizuri, na tulipovuka korongo akakaa chini kwenye mchanga.

Damu ikitoka mwilini, wanangu, haifi palepale. Chembe zake zinajikuta kwenye kioo, hazina mwendo, hewa inapungua, na zinahamaki. Zinaanza kusoma maagizo ya hatari kwa sauti. Kadiri unavyokawia ndivyo kelele zinavyoongezeka, na kompyuta haina njia ya kujua kama kelele hizo zilianzia ndani ya Mzee au ndani ya mfuko wangu.

Dokta hakutaka kukisia. Alitutoa damu sisi wenyewe, yeye, mimi na Sanka, kila mtu vichupa viwili. Kimoja kikatulizwa hapo hapo. Cha pili tukakitia mfukoni, tukabandika sufuria ya maziwa kwa kuni mbichi, tukangoja. Majibu yaliporudi, vile vichupa vya mfukoni vilifanana na vya wazee wagonjwa kama mapacha. Sanka, kijana mzima anayekula ugali wa watu wawili, kompyuta ilimhesabu kuwa mzee mwenye bruselosi sugu anayestahili dawa.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” Sanka alisema, akacheka. Hakuna aliyemfuata.

Dokta alitueleza kwa nini hacheki. Wazee wale wamekaa miaka mingi kwenye nyumba za moshi, wengine wana kifua kikuu kilicholala. Ukiwapunguzia kinga unakiamsha. “Tungewaua wazee wa watu,” alisema, “kwa adabu njema.”

Kumwambia Mzee Gidahoda niliombwa niende mimi pamoja na Dokta. Nilieleza kwa Kiswahili rahisi, pale nilipokwama mwanawe akatia Kidatoga. Mzee alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

“Kwa hiyo dawa yangu ilikuwa maziwa yaliyochelewa.”

“Alama zilizotuonyesha dawa, Mzee. Ndizo zilizotoka kwenye kuchelewa.”

“Ningekufukuza kama mbwa siku ile, ningepona?”

“Usingepona. Tungejua mapema tu.”

Akaniangalia kwa hasira ya kweli, nikainamisha kichwa. Mwanawe akajaribu kusema kitu, akanyamazishwa kwa kidole.

“Lakini hamjui bado,” Mzee alisema. “Damu yenyewe, bila kelele za mfukoni, hamjaisikiliza. Labda dawa ipo.”

Dokta Neema alikiri kwamba labda. Ila ingebidi wazee wote watolewe damu upya, kichupa kivuke korongo palepale, bila kukaa wala kunywa. Akasema hawezi kumwomba mzee yeyote akubali kudharauliwa hivyo nyumbani kwake. Na angelazimika kuwaomba wote.

“Anza na mimi,” Mzee Gidahoda alisema. “Wakisikia mimi nimekubali, watakubali. Na wewe binti,” akanielekezea kidevu, “usiniamkie. Ingia, toboa, toka.”

Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana, na siku iliyofuata ndiyo ngumu kuliko zote. Nilipofika bomani niliwakuta wake zake, wanawe na wajukuu wamesimama uani, wote wamenipa mgongo. Aliwaagiza hivyo, ili nisionekane nikikosa adabu. Niliingia nikapita mbele ya mzee kama napita mbele ya kisiki. Alishautoa mkono kwenye shuka. Sikusema neno, naye hakusema. Nilifunga mpira, nikatoa damu, nikageuka, nikashuka korongo mbio, mtu mzima na sketi yangu, nikihisi migongo yote ile inanitazama. Sanka alipokipokea kichupa nilikuwa nalia.

Wazee wengine walikubali, wote, kwa sababu yake. Damu ile ilikuwa safi. Dokta alisema hajawahi kushika sampuli nzuri kama zile. Na ikasema wazi kwamba wazee hawana tofauti yoyote na vijana. Ile dawa ya viungo ilirudi chini kwenye orodha ya kompyuta, katikati ya dawa nyingine zisizohusika. Hakuna mzee aliyeimeza.

Mzee Gidahoda alirudishiwa dozi ndefu ya hospitali, akaimaliza bila kuruka siku, mkewe akimsimamia. Homa ilipungua. Magoti hayakurudia uzima wake.

Majibu nilimpelekea peke yangu. Siku hiyo niliamkia ipasavyo, tukaulizana yote, mpaka mbuzi.

“Damu yangu imesema nini?”

“Imesema dawa ile si yako, Mzee. Wala si ya wenzako.”

“Na safari hii imesema kweli?”

“Kweli.”

Alitazama magoti yake. “Basi vizuri,” alisema, na haikuwa sauti ya mtu anayeona vizuri. Akamwita mkewe abandike maziwa.

Nikakaa, mfuko mtupu, sina pa kukimbilia. Naye akaanza kunieleza njia ya ziwani. Kwanza mnashuka kwenye miti ya miiba, hapo ndama wanasumbua. Kisha udongo mwekundu, pita taratibu, majike wenye mimba wanateleza. Kisha upepo unaleta harufu ya chumvi na ng'ombe wanaanza kukimbia, hapo usiwazuie. Alisimulia akiita kila ng'ombe kwa jina, na mengine nilijua ni ya ng'ombe waliokufa zamani. Alikuwa anatembea polepole, anasimama kuwangoja walio nyuma. Nililia waziwazi, na yeye alijifanya anatazama moto.

Maziwa yalipochemka Mzee alikuwa bado hajafika ziwani. Nikamwomba mama abandike sufuria nyingine.